Maji Yanakwenda Wapi

Nilikuwa naenda kumchukua mama hospitali, basi. Saa kumi na mbili kasoro, jua limekaa juu ya mabati na linakuchoma machoni ukiendesha, na mimi nimeshachelewa. Gereji wananiita Haraka, na si kwa kunisifia.

Mama figo zake ziligoma. Jumanne na Ijumaa anasafishwa damu kwa mashine. Kama hujawahi kukaa na mgonjwa wa figo nikwambie kitu kimoja, maana yote haya yanatoka hapo: maji akinywa hayatoki. Yanakaa. Yanaanzia miguuni, yanapanda tumboni, yakifika kifuani mtu anazama akiwa kitandani, pakavu. Kwa hiyo anapimiwa. Vikombe vitatu kwa siku, vya kahawa. Mpimaji ni dada yangu mkubwa, na dada hana utani. Birika analifungia kabatini, ufunguo anautia shingoni. Nilimwita Bwana Maji siku moja, akaninunia siku mbili.

Mama mwenyewe halalamiki. Ana kiu tu, usiku na mchana. Niliwahi kumwuliza anataka nimletee nini, akasema, "Nataka kuota mvua, baba."

Gari aliliacha marehemu baba. Limenizidi umri miaka sita. Lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya maziwa yaliyolala. Mlango wa nyuma kushoto unafunguka kwa nje tu, kioo cha kulia hakipandi mpaka ukisukume kwa viganja. Lakini kiti cha nyuma ni kirefu na mama anajilaza. Bila lile gari ni kumkunja kwenye viti vya watu, na mtu aliyetoka kwenye mashine hakunjiki.

Nikamchukua. Akajilaza, akapitiwa na usingizi kabla hatujatoka getini.

Katikati ya njia nikasikia harufu.

Unaijua ile harufu... kutu iliyochemka, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikatazama mshale wa joto. Ulikuwa unapanda taratibu, hauna wasiwasi, kama mtu anayepanda ngazi za kwake. Nikasema moyoni, si leo. Mvuke ukaanza kutoka pembeni ya boneti. Nikaegesha.

Niliegesha mbele ya kiwanda cha barafu cha zamani, kile kilichofungwa. Ukuta mrefu, geti la chuma, minyororo. Sikuchagua. Gari ndilo lilichagua.

Nikafungua boneti. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka, ufa wa urefu wa kidole, na maji yote yameishia barabarani. Mpira ukipasuka njiani huna ujanja ila kuufunga. Gereji kwetu kuna gunia la matambara, vipande vipya kutoka kwa mafundi cherehani, na fundi wetu mkuu ana sheria moja ambayo haelezi sababu yake: usifunge kitu chochote cha injini kwa nguo iliyovaliwa na mtu. Shati kuukuu, soksi, hata leso, hapana. Anayefunga anatafuta gereji nyingine siku hiyo hiyo. Tulikuwa tunamcheka. Mzee ana mambo yake, tunasema, na maisha yanaendelea.

Mimi sikuwa na tambara. Nilikuwa na waya, plaizi, na mama aliyelala. Mtandio wake ulikuwa umeteleza begani, unaburura sakafuni. Ulikuwa umechakaa, una jasho lake la mchana kutwa. Kitambaa chenye jasho hakitelezi kwenye mpira.

Nikachana upande mmoja. Sikumwamsha kumwuliza.

Nikaukaza kwa waya, mizunguko sita. Kazi safi, nisiseme uongo. Sasa maji. Chupa ninayobebaga ilikuwa tupu.

Nikasikia mnyororo wa geti... krr, krr.

Kulikuwa na mwanamke amesimama upande wa ndani. Amevaa koti kubwa la ulinzi mpaka magotini, na joto lote lile. Midomo imepasuka-pasuka kama udongo wa kiangazi. Mkononi ana dumu la njano la lita tano, mpini wake umeungua upande mmoja. Nikamwamkia. Hakuitikia.

"Maji ninayo," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemeza vumbi. Akatazama nyuma ya gari. "Huyo anaumwa?"

Nikamwambia anaumwa, ila maji nataka ya gari.

"Yeye hanywi?"

"Haruhusiwi."

Akacheka, mabega tu, bila sauti. "Basi tuko wawili."

Akalipitisha dumu kwenye uwazi wa geti. Lilikuwa la baridi mpaka vidole vikaniuma, na kile kiwanda hakina umeme tangu niko shule. Akaniambia dumu ni la kurudisha, na lirudi limejaa. Nikajibu kama ninavyowajibu watu wote, kesho tu mama, saa nne niko hapa. Nikasubiri injini ipoe kidogo, nikamimina. Rejeta ilikunywa lote na ikapiga mbweu.

Nilipogeuka kushukuru, geti lilikuwa na kufuli. Kufuli lenyewe limekula kutu mpaka tundu la ufunguo halionekani.

Sikulifikiria sana. Mshale ulikaa katikati, tukafika nyumbani. Na dumu likakaa kwenye buti, kesho yake na kesho kutwa yake.

*

Jumamosi gari likachemka tena.

Nikaangalia tambara langu: kavu kabisa. Chini ya gari: pakavu, hata doa. Lakini rejeta ilikuwa imepungukiwa chupa nzima, ile ya lita moja na nusu. Nikajaza. Jumatatu, chupa nyingine. Nikalipeleka kwa fundi mkuu.

Fundi wetu tunamwita Sikio. Ni kwa sababu anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, halafu anakwambia ugonjwa. Hakosei. Akaniuliza mpira nimefungia nini. Nilikuwa nimeshaupaka grisi tambara likawa jeusi kama mengine yote.

"Tambara la gunia," nikasema.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu nilijua atanifukuza, na nilijua na mpira wa gari la umri ule haupatikani dukani, na nilikuwa nimechoka. Ndiyo hivyo tu.

Akaniamini. Ndipo mateso yalipoanza, kwa sababu mtu mzima wa watu alianza kutafuta ugonjwa mahali ambapo haupo.

Tulianza na kifuniko cha rejeta, tukaweka kipya. Likachemka. Themostati ilikuwa haipo, fundi wa zamani aliing'oa, ndiyo dawa yao ya kila gari linalochemka. Tukatafuta nyingine, tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto kuona kama inafunguka, ikafunguka vizuri kama mdomo wa samaki. Tukaifunga. Likachemka. Feni inazunguka. Mkanda umekaza. Wota pampu haichezi. Kila mtu pale gereji akageuka daktari. Mpaka rangi akasema ni gasketi ya silinda hedi, fundi umeme akasema ni sensa ya joto, muuza vipuri akasema ni mkosi. Mimi nilikuwa chini ya gari, mgongo umelowa oili, nawasikiliza wote na kutamani plaizi yangu iwe na miguu iwafuate.

Gasketi ikiungua, maji yanaingia kwenye oili. Nikachomoa kijiti cha oili: safi, hakuna uji. Au yanaingia kwenye silinda, yanatoka kwa ekzosi kama moshi mweupe. Hakuna moshi. Jumatano Sikio akaleta pampu ya kupimia presha, akaifunga mdomoni mwa rejeta, akapampu, tukaiacha mpaka kesho yake. Alhamisi asubuhi mshale wa pampu ulikuwa palepale. Haujashuka hata unywele.

Maana yake ni moja. Mfumo hauna tundu. Maji hayana pa kutokea.

Na rejeta imepungua chupa nzima.

Sikio akakaa kwenye tairi akaitazama injini muda mrefu. Akasema polepole, kama anaongea na gari na si mimi, "Maji hayapotei, Haraka. Yanakwenda mahali. Yanakwenda wapi?"

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Jumanne ile nesi wa mashine alimpima mama uzito, akakuta amezidi kilo tatu. Akamsema mbele ya wagonjwa wenzake kama mtoto. Dada alirudi amevimba kwa hasira, akaniita uani, akaniambia anajua. Anajua mimi ndiye ninayempa mama maji kwa siri, kwa sababu mimi ni mtu wa huruma za kijinga, na siku akifa nitakuja kuomba msamaha kwa nani. Nikaapa. Hakunisikia. Alihamia kulala chumbani kwa mama, mkeka ameutandika mlangoni, ili nisipite.

Mama akawa anatuangalia tu, uso umejaa. Macho yalikuwa yanazidi kuwa madogo.

"Sijanywa," aliniambia siku moja, taratibu. "Lakini kiu imepungua, baba. Naota nakunywa. Maji yana ladha ya chuma."

Nikamwambia ni dawa hizo.

*

Alhamisi jioni, wenzangu wanafunga vifaa, Sikio alichukua bisibisi yake ndefu. Akaniambia niwashe gari. Akaweka ncha kwenye wota pampu, mpini sikioni, akafumba macho.

Huwa anasikiliza kama anasali. Safari hii nilimwona nyusi zinapanda. Akahamisha ncha kwenye rejeta. Akahamisha kwenye mpira wa juu. Kisha mpira wa chini, karibu na tambara...

Akaitoa bisibisi haraka, kama imemchoma.

Alikwenda bombani akanawa mikono, akanawa tena, akanawa mpaka kwenye viwiko. Halafu akaniambia nilipeleke gari kwetu. Nikamwuliza amesikia nini. Akasema yeye ni fundi wa magari. Hapo akanipa mgongo.

Nilibaki peke yangu uani na injini inanguruma. Bisibisi aliiacha juu ya tairi.

Nikaiweka sikioni.

Mwanzo ni injini tu. Chuma, mkanda, feni. Halafu chini yake, mbali...

Glu.

Kimya.

Glu... glu.

Maji hayatoi sauti hiyo kwenye bomba. Hiyo ni sauti ya koo. Ilikuwa inameza, inapumzika, inavuta pumzi puani, inameza tena. Na ile pumzi ya puani, yenye mluzi mdogo mwishoni, naijua. Nimelala nikiisikia tangu nikiwa mtoto wa mgongoni.

Nilizima gari. Nikakaa chini palepale kwenye oili.

Kesho yake, Ijumaa, nilimpeleka mama mwenyewe na nikasimama pembeni ya mizani. Tangu Jumanne nilikuwa nimejaza chupa tatu. Chupa tatu za lita moja na nusu, hesabu hiyo hata mimi niliyeacha shule naiweza.

Nesi akasoma. "Kilo nne na nusu." Akamtazama mama kwa hasira, kisha kwa huruma.

Mimi niliangalia ukuta.

*

Nikafanya nilichodhani ni akili. Nikaliegesha gari uani, sikuliwasha, sikulitia tone. Nikampa dereva teksi wa mtaa namba yetu, kwamba Jumanne tutamhitaji. Jumamosi, Jumapili, mama akapata nafuu. Uso ukashuka. Dada akanitazama kwa jicho la, umeona, umeacha mchezo wako na mgonjwa amepona. Nikakubali lawama. Afadhali lawama.

Jumatatu nikarudi kazini. Dumu sikulirudisha. Nilikuwa napanga.

Nilirudi nyumbani jua linazama. Dada alikuwa uani anakunja bomba la kumwagilia. Alikuwa na uso mzuri siku hiyo, uso wa mtu anayetaka kupatana. Akaniambia ameona gari limekaa tu na mimi nimechoka, basi ameniazimia nguvu: amefungua boneti mwenyewe, amelijaza maji, kesho tusihangaike na mateksi.

"Lilikuwa na kiu hilo," akasema. "Limekunywa ndoo nzima."

Nikasikia mluzi ndani ya nyumba.

Mama alikuwa ameketi kitandani, ameshika godoro kwa mikono miwili, mdomo wazi. Hawezi kulala chali. Kila akivuta pumzi kifua kinachemka, blo, blo, blo, kama chungu. Tumbo lilikuwa limejaa mpaka gauni limekaza, na lilipokaza lilikuwa limelowa. Midomo imegeuka bluu. Aliponiona alijaribu kutabasamu na maji yakatoka pembeni ya mdomo, membamba, rangi ya kutu.

Dada akapiga simu teksi. Dereva akasema yuko upande wa pili wa mji, nusu saa au zaidi. Akapiga hospitali, gari la wagonjwa limetoka. Mimi nikampigia Sikio. Nikamweleza yote kwa mkupuo, mizani, chupa, koo, ndoo ya dada. Hakuniambia nimerukwa na akili.

"Fungua kizibo cha chini," akasema. "Mwaga maji yote. Endesha kavu. Injini ikifa, na ife."

Halafu akashusha sauti. "Haraka. Ule mpira ulifungia nini?"

Mama alikuwa anakoroma nyuma yangu. Dada analia. Na mimi, niamini usiniamini, bado niliona haya.

"Tambara," nikasema. "Tambara la gunia."

Nikamwaga. Kati ya ndoo ile yalitoka maji kidogo tu, hayafiki nusu. Lakini yalipokatika, kifua cha mama kikatulia kidogo. Tukambeba mimi na dada, tukamweka kiti cha nyuma, dada akampakata.

Injini kavu haiendi mbali. Ukienda taratibu, bila pupa, labda kilomita tano. Hospitali ni sita. Nikawa naendesha kama nimebeba mayai, macho kwenye mshale, nangojea uruke kwenye nyekundu.

Haukuruka.

Ulikaa katikati. Katikati kabisa, kama gari jipya. Kilomita moja. Mbili. Nikajiambia sensa ikikosa maji inadanganya, hilo kila fundi analijua. Nikaweka kiganja kwenye dashibodi: baridi. Injini ilikuwa inaenda tulivu, haijawahi kwenda vile tangu baba yuko hai. Kilomita tatu... Wiki nzima ya kusumbuka, na leo, bila tone la maji, gari limepona.

"We," dada akanong'ona nyuma. "Mama amekuwa wa moto."

Nikamwambia amfungulie dirisha.

"Hapana. Wa moto... siwezi kumshika."

Nikatazama kwenye kioo. Mama alikuwa amekaa wima. Jasho lilikuwa halitiririki usoni mwake, linakauka likitoka, na kutoka kwenye nywele zake, kwenye shingo, kwenye mdomo uliofunguka, kulikuwa kunatoka mvuke. Mweupe. Unagonga paa la gari na kusambaa. Na harufu... kutu iliyochemka, sufuria iliyosahauliwa. Pumzi ilikuwa inamtoka kwa mluzi mwembamba, mrefu, haukatiki, ule ule wa kifuniko cha rejeta kabla hakijaruka.

Maji nilikuwa nimeyamwaga. Sasa uliokuwa unakwenda kwa mama ni moto.

Nilikanyaga breki. Sihitaji kukwambia tulisimama wapi. Ukuta mrefu, geti la chuma.

Nilitoka na kisu. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe la asubuhi. Injini inazunguka ndani yake, kavu, na ni baridi. Nikaingiza mkono mpaka kwenye mpira wa chini. Tambara lilikuwa linapanda na kushuka chini ya vidole vyangu, linapumua. Grisi ilikuwa imeyeyuka na maua ya mtandio yanaonekana, mekundu.

Krr, krr.

Sikuinua kichwa. Niliona viatu vyake tu, upande huu wa geti, na pindo la lile koti. Harufu ya barafu na vumbi.

"Dumu langu," akanong'ona.

"Nitaleta."

"Limejaa."

"Limejaa," nikasema. "Nimekosa, mama. Kesho. Limejaa."

Viatu havikusogea. Nikakata. Waya ulinichana kiganja, kitambaa kikaachia uzi mmoja mmoja, na uzi wa mwisho ulipokatika mpira ukatoa pumzi ndefu usoni mwangu, ya moto, yenye ladha ya chuma.

Injini ikapiga yowe. Sijawahi kusikia chuma kinalia hivyo. Mshale, dada aliniambia baadaye, uliruka mara moja mpaka mwisho. Ikagonga mara tatu, ikakwama, ikafa. Moshi mweusi. Halafu kimya ambacho hata wadudu hawakukigusa.

Nilikimbilia nyuma. Mama alikuwa ameegemea bega la dada. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkono wa mtu. Wa vuguvugu, umevimba, umechoka.

"Nipe maji," akasema.

Dada akaangua kilio na kicheko kwa pamoja. Kiu imerudi. Sijawahi kufurahi namna ile kusikia mama yangu ana kiu.

Taa za gari zikatokea mbele yetu. Ilikuwa ile teksi. Dereva aliona tumesimama, akageuza bila kuulizwa. Dakika kumi baadaye mama alikuwa kwenye mashine. Nesi alikaa naye mwenyewe, na alipotoka alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini mgonjwa anakunywa maji ya wapi, kwa sababu amebadilisha vichujio viwili na vyote vimeziba kwa kutu.

Nikamwambia sijui. Huo nao ulikuwa uongo nusu.

*

Kesho yake, mchana kweupe, nilijaza dumu mpaka likafurika, nikalipeleka kwa miguu. Nililiweka chini ya geti. Hakukuwa na mtu. Ng'ambo ya barabara kuna mchomelea vyuma, akaniita, akaniuliza nangojea nani. Nikasema mlinzi. Akasema pale hakuna mlinzi miaka mingi. Palikuwa na mmoja, mwanamke, zamani za wenye kiwanda. Walifunga siku za mapumziko wakamsahau ndani ya chumba cha barafu, umeme umekatwa, maji yamekatwa. Waliporudi walikuta bomba zote zina alama za meno. Mimi sikuwepo, akasema, nasikia tu, watu wanaongea. Akashusha miwani yake akaendelea kuchomelea.

Sikio nilimwambia ukweli. Hakunifukuza. Alinitazama mpaka nikatamani anifukuze. Akasema nguo iliyovaliwa ina mwenyewe, ukiifunga kwenye kitu cha moto umemfunga mwenyewe. Mengine nisimwulize, na yeye alifundishwa kwa hasara. Hasara gani, hakusema. Nilifagia gereji mwezi mzima.

Gari tuliliuza kwa wakata vyuma. Mama sasa anakwenda kwa teksi, anakunjwa, analalamika, uzito wake uko sawa. Nikawa nalala. Nikasema nimekosa, nimerudisha, yamekwisha.

Juzi jioni tumeshaanza kufunga, likaja gari la kusambaza mikate. Dereva kijana, hatujazidiana. Akasema limemsumbua wiki nzima, linachemka, linakunywa maji na halivuji popote, ameshabadilisha kifuniko, ameshabadilisha themostati, watu wanamwambia gasketi, na tangu jana amechoka, hajalitia tone. Alikuwa na uso niliokuwa nao mimi. Sikio hakuinuka kwenye tairi lake.

Nikafungua mlango wa abiria nichukue ufunguo wa boneti. Miguuni pa kiti kulikuwa na dumu la njano, la lita tano. Mpini umeungua upande mmoja.

Nililirudisha mwenyewe. Limejaa.

Nikafungua boneti. Mpira wa chini ulikuwa umefungwa vizuri sana, waya mizunguko mingi, kazi ya mtu mwenye haraka anayejua anachofanya. Kitambaa chepesi, cha buluu, kina picha ndogo ndogo za bata.

Nikamwuliza hiki ni cha nani.

Akacheka kidogo, kwa haya. Akasema ni kishali cha mwanawe, ana miezi minne, alikikuta kwenye kiti siku ile mpira ulipopasuka. Mama mtoto bado hajajua.

"Mtoto hajambo?" nikauliza.

"Ana homa kidogo," akasema. "Jana na leo. Tunadhani ni meno."

Injini yake ilikuwa bado inanguruma. Nikaweka mkono juu ya silinda hedi, pale ambapo ngozi inapaswa kubaki kwa moto.

Ilikuwa baridi.